Kupeleka Chapa za Wasanii kwenye Maonyesho ya Kimataifa: Mwongozo kwa Galari Ndogo za Afrika Mashariki

Galari inayokusudia kuonyesha wasanii wa chapa, yaani picha zinazochapwa kwenye karatasi kutoka kwenye kibao au bamba alilolitengeneza msanii, kwenye maonyesho makubwa ya biashara ya sanaa huwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ile inayozikabili galari zote, yaani kupata banda, kusafirisha mzigo, kupanga kuta na kuuza. Ya pili inaihusu sanaa ya chapa peke yake, nayo ni kumthibitishia mnunuzi kwamba karatasi iliyo mbele yake ni kazi halisi ya msanii, na kwamba nakala zilizopo duniani ni zile tu zilizotajwa chini yake kwa penseli. Mwongozo huu unaielekea zaidi hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo galari nyingi za kwetu huiacha mpaka siku ya ufunguzi, wakati mnunuzi mwenye uzoefu huanza nayo.

Mfano utakaotumika humu ni galari ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala inayoelekea 1-54, maonyesho ya sanaa ya kisasa ya Afrika yaliyoanzishwa na Touria El Glaoui mwaka 2013, ambayo hufanyika London kila Oktoba katika jengo la Somerset House, na ambayo pia yana matoleo yake New York na Marrakech. Taratibu za maonyesho mengine hutofautiana katika mambo madogo, lakini mpangilio wa kazi ni uleule.

Hatua ya kwanza: kuchagua maonyesho na wasanii

Jambo la kuamua kabla ya kujaza fomu yoyote ni aina ya watazamaji unaowataka. Yapo maonyesho ya sanaa kwa ujumla, kama 1-54, ambako chapa zako zitapakana na turubai kubwa za rangi ya mafuta na sanamu. Na yapo maonyesho ya chapa peke yake, kama London Original Print Fair, iliyoanza mwaka 1985, au yale ya New York yanayoandaliwa na IFPDA, chama cha kimataifa cha wafanyabiashara wa chapa za sanaa. Katika aina ya kwanza utakutana na watu wengi wanaoipenda sanaa ya Afrika lakini wasiojua chapa hutengenezwaje, hivyo sehemu kubwa ya kazi yako itakuwa kueleza. Katika aina ya pili watakuja watu wenye lenzi ya kukuzia mfukoni, nao hawatahitaji maelezo, watahitaji ushahidi. Kwa galari inayokwenda kwa mara ya kwanza napendekeza aina ya kwanza, kwa kuwa kamati za maonyesho ya namna hiyo huvutiwa na pendekezo lenye wazo moja lililo wazi, na banda zima la chapa huonekana tofauti na mengine.

Wasanii wawili au watatu wanatosha banda dogo. Wachague kwa namna ambayo mbinu zao zinaelezana: mmoja anayechonga mbao, mwingine anayechimba bamba la shaba kwa asidi, na ikiwezekana wa tatu anayetumia skrini (wino hupitishwa kwenye kitambaa chembamba kilichowambwa) au lino (kipande laini cha linoleamu kinachochongwa). Andika pendekezo lako kwa lugha ya kawaida, ukiwaweka wasanii wako ndani ya historia iliyopo, kwa sababu sanaa ya chapa ina mizizi mirefu barani. Kituo cha Rorke's Drift huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kiliwalea mabingwa wa chapa za lino kama Azaria Mbatha na John Muafangejo. Nigeria ina Bruce Onobrakpeya, aliyezaliwa mwaka 1932 na kubuni mbinu zake mwenyewe za kuchimba mabamba. Na huku kwetu wapo Peterson Kamwathi wa Nairobi, aliyefanya chapa za mbao sambamba na michoro mikubwa ya makaa, na Fred Mutebi wa Uganda, anayejulikana kwa chapa za mbao zenye rangi nyingi zinazotokana na kibao kimoja. Msanii chipukizi hapungukiwi na kitu anapotajwa pamoja na waliomtangulia, na msomaji wa pendekezo hupata mahali pa kumweka.

Mbinu hiyo ya kibao kimoja inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu anayeielewa hahitaji tena kuambiwa kwa nini idadi ya chapa ina mwisho. Msanii huchonga kibao kidogo tu, akaondoa sehemu zitakazobaki nyeupe, kisha hupaka rangi nyepesi kuliko zote, tuseme njano, na kuichapa kwenye karatasi zote za toleo, yaani jumla ya nakala za kazi hiyo. Baada ya hapo hurudi kwenye kibao kilekile, akaondoa sehemu anazotaka zibaki njano, akapaka rangi ya pili na kuichapa juu ya ile ya kwanza, karatasi moja baada ya nyingine, akihakikisha kila moja imekaa palepale ilipokaa mwanzo. Huendelea hivyo mpaka rangi ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni nyeusi au ya samawati iliyokolea, na kufikia hapo kibao kimebaki na vipande vichache tu vilivyoinuka. Hakuna njia ya kurudi kuichapa njano, kwa kuwa mbao iliyoibeba imekwisha kuondolewa. Anayetaka toleo la nakala 20 hulazimika kuanza na karatasi zaidi ya hizo, maana baadhi zitasogea kidogo katika rangi ya tatu au ya nne na kuharibika. Kwa hiyo idadi yake haikupangwa ili kupandisha bei. Imewekwa na kibao chenyewe.

Hatua ya pili: daftari la toleo

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu kuliko zote, na inafaa kukamilika miezi kadhaa kabla ya safari. Kila chapa utakayoipeleka iwe na ukurasa wake katika daftari, ukiandikwa jina la kazi, mwaka, mbinu, aina ya karatasi, vipimo vya picha na vya karatasi nzima, jina la aliyechapa kama si msanii mwenyewe, mahali ilipochapwa, idadi ya toleo, na mahali ilipo kila nakala kwa namba yake: imeuzwa, iko galarini, iko kwa msanii, au iliharibika. Galari isiyoweza kusema nakala ya 7 kati ya 20 iko wapi haijawa tayari kusafiri.

Utaratibu wa kuandika chini ya picha unafahamika duniani kote, nao ufuatwe bila ubunifu. Upande wa kushoto huandikwa namba ya nakala na idadi ya toleo, kwa mfano 7/20; katikati jina la kazi; kulia sahihi ya msanii na mwaka. Vyote huandikwa kwa penseli. Penseli haichujuki kwa mwanga, haienei kwenye nyuzi za karatasi kama wino wa kalamu, na mkandamizo wake unaonekana ukiitazama karatasi kwa pembeni, jambo ambalo mashine haiigizi kwa urahisi. Nje ya toleo huwepo nakala za msanii, ambazo huandikwa A/P na kwa mazoea hazizidi kama asilimia 10 ya toleo, na nakala ya mchapaji, yaani P/P, anayopewa fundi aliyesaidia kuchapa. Hizi nazo ziingie kwenye daftari. Toleo la 20 lenye A/P mbili na P/P moja lina karatasi 23 zilizotoka mkononi mwa msanii, na mnunuzi ana haki ya kuijua idadi hiyo ya 23, siyo 20 peke yake.

Kaa na msanii mkubaliane kwa maandishi kwamba toleo likishafungwa halitafunguliwa tena. Bamba la shaba au kipande cha lino kinachobaki kizima baada ya kuchapwa hufutwa kwa kuchorwa mstari mkubwa kukikatiza, kisha huchapwa nakala moja ya ushahidi inayoonyesha mstari huo. Wapo wasanii wanaoumia kuharibu bamba walilolihangaikia kwa majuma kadhaa, na hisia hiyo inaeleweka. Anayetaka kulihifadhi alihifadhi, ila mkataba uwe na kifungu kinachozuia kulichapa upya. Nakala zinazotolewa kwa printa ya kompyuta kutokana na picha ya mchoro wa rangi zisichanganywe kabisa na chapa hizi, si kwenye daftari wala ukutani. Zinaweza kuwa nzuri na kuwa na wateja wake, lakini banda linaloziweka pamoja bila kusema hupoteza heshima ya kila kilichotundikwa.

Hatua ya tatu: karatasi na fremu

Kagua kila karatasi kwenye mwanga wa dirisha kabla hujampa fundi fremu. Tafuta alama za vidole pembezoni, mikunjo, na hasa madoadoa ya kahawia yanayoletwa na unyevu na kuvu, ambayo katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa huanza kimyakimya ndani ya droo. Piga picha mbele na nyuma, uandike ripoti ya hali ya kila kazi, kwa kuwa bima na msafirishaji wote wataihitaji.

Fundi fremu wa mtaani anaweza kufanya kazi safi kabisa ikiwa utamletea vifaa na kumweleza kinachotakiwa. Kadibodi ya nyuma na ya mbele iwe ya pamba isiyo na asidi. Chapa isigundishwe wala kubanwa kwa selotepu. Hushikizwa kwa vibawaba viwili vidogo vya karatasi ya Kijapani, vilivyobandikwa kwa gundi ya wanga wa ngano kwenye ukingo wa juu tu, ili karatasi ipate nafasi ya kutanuka na kusinyaa hali ya hewa inapobadilika. Weka nafasi kati ya karatasi na kioo, maana zikigusana unyevu hunasa na wino unaweza kugandana na kioo. Dirisha la kadibodi liwe pana kiasi cha kuacha namba na sahihi vionekane. Kingo za karatasi zisikatwe kamwe ili kuifanya iingie kwenye fremu iliyopo. Chapa iliyopunguzwa kingo imeshapungua thamani, hata kama picha yenyewe haikuguswa. Kwa safari tumia kioo cha akriliki chenye kinga ya mionzi ya jua badala ya kioo cha kawaida, kwani ni chepesi na hakivunjiki vipande vyenye ncha juu ya kazi ya mtu.

Usitie fremu kila kitu. Nakala moja ya kila kazi ndani ya fremu inatosha, na zilizobaki zisafiri zikiwa zimelala kwenye folda ngumu, kila moja ikitenganishwa na nyingine kwa karatasi laini isiyo na asidi.

Hatua ya nne: nyaraka na forodha

Hapa wasanii wa chapa wana faida ambayo mawakala wengi wa forodha hawaikumbuki wasipokumbushwa. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, chapa halisi za sanaa zina namba yake, 9702, tofauti na bidhaa za kawaida za uchapaji. Sharti lake ni kwamba chapa iwe imetolewa moja kwa moja kutoka kwenye bamba au mabamba yaliyotengenezwa yote kwa mkono na msanii, iwe ya rangi moja au nyingi, bila kujali mbinu wala malighafi, ila isiwe imetumia njia ya mashine au ya kupiga picha. Ankara yako inapaswa kusema hivyo waziwazi: "chapa halisi ya mbao, kibao kimechongwa kwa mkono na msanii, nakala 7/20, imetiwa sahihi." Ukiandika "picha za karatasi", afisa atakayeipokea ana kila sababu ya kuziweka kwenye kundi la mabango na kalenda.

Tofauti hiyo ina fedha ndani yake. Uingereza hutoza kazi za sanaa zinazotimiza masharti kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 zinapoingia, badala ya asilimia 20 ya kawaida, na upo pia utaratibu wa kuingiza bidhaa kwa muda kwa zile zitakazorudi bila kuuzwa. Zungumza mapema na wakala mwenye uzoefu wa kazi za sanaa, huku nyumbani na kule unakokwenda, kuhusu njia ipi inakufaa, na umuulize pia kuhusu vibali vya kutoa kazi za sanaa nchini mwako. Kibao au bamba unalolipeleka kwa maelezo liorodheshwe peke yake, kwa kuwa si chapa.

Kasha la mbao nalo lina sheria yake. Mbao ghafi inayovuka mipaka lazima iwe imetibiwa dhidi ya wadudu, kwa kawaida kwa kupashwa joto la nyuzi 56 za Selsiasi, mpaka kwenye kiini chake, kwa dakika 30 au zaidi, na kugongwa muhuri wa kimataifa unaothibitisha hivyo. Kasha lisilo na muhuri linaweza kuzuiwa bandarini pamoja na vyote vilivyomo. Plaiwudi haimo katika sharti hilo, hivyo makasha mengi ya sanaa hutengenezwa kwa plaiwudi, ingawa fremu ya nje ikiwa ya mbao ghafi bado itahitaji muhuri.

Mzigo ukifika, usifungue kasha mara moja. Karatasi iliyotoka kwenye joto na unyevu wa pwani ikikutana ghafla na hewa kavu ya chumba chenye kipasha joto hujipinda. Liache kasha lililofungwa ndani ya chumba cha maonyesho kwa muda wa siku nzima ikiwezekana, ndipo ulifungue. Panga ratiba ya kuwasili ukizingatia hilo.

Hatua ya tano: kupanga banda

Uliza mapema ukuta unaruhusu nini, kwa kuwa katika majengo ya kihistoria kupiga misumari ovyo mara nyingi hakuruhusiwi. Tundika kazi zote kwa mstari mmoja wa katikati, kama sentimita 150 kutoka sakafuni, na uziachie nafasi. Chapa ni kazi ya kusogelewa, tofauti na turubai kubwa inayojitosheleza kwa kutazamwa kutoka mlangoni, na mtu hasogei mahali palipobanana. Taa ziwe hafifu kiasi. Makumbusho mengi huweka kazi za karatasi kwenye mwanga wa kama luksi 50, na ingawa banda la biashara haliwezi kuwa na giza la namna hiyo kwa siku chache, taa kali iliyoelekezwa kwenye karatasi moja kwa moja iepukwe.

Weka kibao kimoja kilichochongwa kando ya chapa iliyotokana nacho. Sijaona maandishi ya ukutani yanayofanya kazi ambayo kibao hufanya: mtazamaji hugeuza shingo, hutambua kwamba picha kwenye mbao imegeuka kushoto kwenda kulia, huona makovu ya patasi yanayolingana na mistari myeupe kwenye karatasi, na maswali yake huanza hapohapo. Uwe na lenzi ya kukuzia mezani. Mwonyeshe jinsi wino wa chapa ya mbao unavyosukumwa na kukusanyika kwenye ukingo wa mstari; jinsi bamba la shaba lilivyoacha bonde jembamba kuizunguka picha, na wino wake ukasimama juu ya karatasi kiasi cha kuhisiwa; kisha mpe kadi ya kawaida ya mwaliko wa maonyesho aione ilivyo mkusanyiko wa vitone vidogo. Nusu dakika inatosha, na baada yake hakuna atakayeuliza kama hizi ni "kopi".

Lebo ziwe na mambo yaleyale ya daftari, na idadi ya toleo isiachwe. Nakala zisizo na fremu zionyeshwe na mhudumu mwenye mikono safi na mikavu, akiishika karatasi kwa mikono miwili kwenye pembe zinazokabiliana.

Hatua ya sita: bei na mazungumzo ya mauzo

Bei ya nakala ya kwanza na ya kumi kwa kawaida huanza sawa. Wateja wengine huamini kwamba namba 1 ni bora, lakini namba si lazima ifuate mpangilio wa kuchapwa, na katika toleo lililochapwa vizuri ubora ni mmoja. Isipokuwa kwa chapa zilizochorwa kwa sindano kavu juu ya shaba, ambako kingo laini za mkwaruzo husagwa haraka na mashine. Matoleo ya aina hiyo huwa madogo kwa sababu hiyo, na ni haki kumwambia mnunuzi.

Toleo linavyopungua, bei hupanda. Amueni ngazi hizo na msanii kabla ya safari na mziandike: kwa mfano, bei ya kwanza kwa nakala 10 za mwanzo, bei ya pili kwa tano zinazofuata, ya tatu kwa tano za mwisho. Kwenye maonyesho utaona kidoti chekundu kikibandikwa kando ya kazi iliyouzwa. Kwa chapa hubandikwa kidoti kimoja kwa kila nakala, na safu ya vidoti vinne chini ya fremu moja huwaeleza wapitao kwamba toleo linakwenda. Visibandikwe ila kwa mauzo ya kweli.

Bei ya London na ya nyumbani iwe moja, ukitenga kodi na gharama ya fremu. Galari inayouza chapa kwa bei ya chini Nairobi na mara tatu yake ng'ambo itagunduliwa na mnunuzi wa kwanza atakayesafiri au kuuliza kwa simu, na atakayelipia kosa hilo ni msanii. Najua kishawishi kilivyo baada ya kulipia banda kwa mita ya mraba, lakini gharama za banda ni za kupangwa kwenye bajeti ya galari, hazipaswi kufichwa ndani ya karatasi ya mtu.

Faida kubwa ya chapa ni kwamba kijana mwenye mshahara wa kawaida anaweza kuinunua, na hapo ndipo galari hupata wateja wa miaka mingi. Mhudumie kama unavyomhudumia mkusanyaji mkubwa. Mweleze asiitundike panapopigwa na jua, wala kwenye ukuta wa bafu au jiko.

Kila mauzo yaambatane na ankara yenye namba ya nakala na cheti kilichotiwa sahihi na galari na msanii, kikitaja idadi kamili ya karatasi za toleo pamoja na A/P na P/P. Jaza daftari papo hapo, mteja akiwa bado amesimama, kwa sababu jioni ya ufunguzi wahudumu wawili wanaweza kuuza nakala ileile ya 7/20 kwa watu wawili.

Hatua ya saba: baada ya kufunga banda

Kagua upya kila kazi kwa ripoti ya hali uliyoiandika mwanzoni kabla haijarudi kwenye kasha. Zilizoingia kwa muda zitoke nchini kwa nyaraka zilezile na ndani ya muda uliowekwa, na zilizouzwa zifungiwe hesabu yake ya forodha. Waandikie walioomba kuwekewa nakala, ukiwapa tarehe ya mwisho ya kuamua, kisha uzirudishe sokoni zisizolipiwa.

Mpe msanii nakala ya kurasa zake za daftari zilizojazwa upya, orodha ya nakala zilizouzwa na mahali zilikokwenda, na fedha zake ndani ya siku mlizokubaliana kwenye mkataba. Mgawo wa nusu kwa nusu umezoeleka katika galari nyingi, lakini gharama zipi hutolewa kabla ya kugawana liwe jambo lililoandikwa kabla ya safari: fremu, usafiri wa mzigo, karatasi, malipo ya mchapaji. Nakala zilizorudi zilazwe kwenye droo kavu, kila moja ikiwa na karatasi yake ya kutenganisha, na namba zake zisomwe kwa sauti na mtu mmoja huku mwingine akizitia alama kwenye daftari.